Kutoka Lutindi Hadi Kigoma: Hesabu Safari Tangu Mlangoni Kwako

Ndugu msomaji, ukiwa Lutindi jioni moja isiyo na ukungu, simama mahali palipo wazi, uangalie jua linapozama. Ikiwa ni mwezi wa Machi au wa Septemba, katika siku zile ambazo mchana na usiku hulingana, jua litazama magharibi kamili. Basi nyosha mkono wako kulielekea. Mkono wako unaonyesha Kigoma.

Wala si maneno ya kupamba hadithi. Tanga, Korogwe, Lutindi na Kigoma, yote iko karibu na mstari mmoja wa ramani, yaani mstari wa nyuzi 5 kusini ya ikweta. Kutoka milima yetu ya Usambara mpaka ufuko wa Ziwa Tanganyika ni karibu kilomita 1,000, moja kwa moja, bila kupinda kulia wala kushoto. Tatizo ni kwamba hakuna mtu apitaye njia hiyo, isipokuwa jua lenyewe na ndege wa angani.

Pengine utauliza: Kigoma yatuhusu nini sisi watu wa Korogwe na Handeni? Yatuhusu sana, nami nitakueleza kwa nini.

DAMU YETU IKO HUKO

Wazee wanakumbuka manamba. Walikuwa vibarua wa mkataba waliokuja kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na Korogwe, wakaitwa hivyo kwa sababu kila mmoja alipewa namba yake. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na mojawapo ya sehemu walikotoka watu wengi ilikuwa Kigoma, nchi ya Waha. Wengine walimaliza mkataba wakarudi kwao. Wengine walibaki. Walioa huku, wakajenga huku, wakazikwa huku. Leo wajukuu wao husema Kisambaa na Kizigua bila kigugumizi, lakini wana baba wadogo na mashangazi Kasulu, Kibondo na Buhigwe.

Tena njia hiyo haina upande mmoja tu. Hapo Lutindi kuna hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoanzishwa na wamisionari wa Kilutheri zamani za Wajerumani. Ndugu wa wagonjwa hutoka mbali kuja kuwaona. Kwa hiyo hesabu tutakayofanya leo yawafaa wote wawili, anayetoka mlimani na anayepanda mlimani.

Sasa tuseme wewe ni mmoja wa watoto hao wa manamba. Baba yako alitoka Kasulu. Dada yake, shangazi yako, yuko huko mpaka leo. Jumatatu usiku simu inalia. Ni binamu yako: “Mama hajiwezi. Anauliza kama mtakuja.”

Nyumbani mnakaa kikao. Mdogo wako asema, “Tuuze ng’ombe tupande ndege. Nimesikia ni muda wa saa mbili tu. Kesho jioni tuko naye.” Mama yako asema, “Ng’ombe huyo ndiye ada ya watoto mwezi wa kwanza.” Wewe ndiwe mkubwa, na wote wanakutazama. Utasema nini?

Kabla ya kusema neno, chukua karatasi na kalamu. Tupige hesabu pamoja.

JINSI YA KUPIMA NJIA YA ANGANI

Mwombe mtoto wako kitabu chake cha ramani. Utaona mistari iliyosimama kutoka juu kwenda chini, na kila mmoja una namba. Tanga iko karibu na nyuzi 39.1 mashariki. Kigoma iko karibu na nyuzi 29.7 mashariki. Toa ndogo katika kubwa, utapata nyuzi 9.4.

Huku kwetu, karibu na ikweta, uzi mmoja ni karibu kilomita 111. Zidisha 9.4 kwa 111, utapata kilomita 1,043. Basi, kutoka kiwanja cha ndege cha Tanga mpaka kile cha Kigoma ni karibu kilomita 1,040. Marubani wenyewe huhesabu kwa maili za baharini, ambazo kila moja ni mita 1,852, nao watakuambia ni kama maili 560. Njia ni ile ile, kipimo tu ndicho kingine.

Nyuzi hizo 9.4 zafundisha na jambo jingine. Jua hutumia dakika 4 kuvuka uzi mmoja. Kwa hiyo jua likichomoza Tanga, Kigoma watangoja kama dakika 38 kabla ya kuliona. Saa za ukutani ni zile zile kwa nchi nzima, lakini shangazi yako Kasulu hupika chakula cha jioni jua lingali juu, wakati wewe umekwisha kuwasha taa. Kumbuka hilo ukipiga simu alfajiri: huko bado ni giza.

Sasa tugeuze njia kuwa muda. Ndege za mapanga zinazobeba watu kama 70, ambazo zimetumika sana katika safari za ndani ya nchi yetu, huenda kilomita 650 kwa saa zikisha kufika juu. Gawa 1,040 kwa 650. Utapata saa 1 na dakika 36. Ndege ndogo ya injini moja, yenye kubeba watu 12 hivi, huenda kama kilomita 300 kwa saa, nayo ingehitaji karibu saa tatu na nusu.

Lakini hesabu hiyo ni ya karatasi. Ndege haianzi kukimbia kilomita 650 kwa saa pale inapowasha injini. Hutembea polepole kiwanjani, hungoja ruhusa, hupanda, na mwisho hushuka kwa mwendo mdogo. Ongeza dakika 20 au 30. Upepo nao una neno lake. Ukisukuma kutoka nyuma, safari hufupika, na ukija usoni, safari hurefuka. Ndiyo maana kwenda na kurudi si lazima kuwe na muda mmoja, ingawa njia ni ile ile.

WALIOTUTANGULIA

Kabla hatujanung’unika juu ya nusu saa, tukumbuke waliotutangulia. Mnamo Juni 1878 msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe uliondoka Bagamoyo kwenda bara. Walioelekea Ziwa Tanganyika walifika Ujiji, karibu na Kigoma, mnamo Januari 1879. Walitembea miezi saba. Padre Pascal, mmoja wao, hakufika; alifariki njiani, akazikwa huko huko. Wapagazi waliobeba mizigo yao walikuwa watu wa nchi yetu, na majina ya wengi wao hayakuandikwa popote.

Gari la moshi ndilo lililofupisha njia hiyo kwanza. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, njia ya karibu kilomita 1,250. Miaka mingi reli hizo mbili hazikuonana. Mwaka 1963 ndipo zilipounganishwa kwa kipande cha kutoka Mnyusi, hapa hapa karibu na Korogwe, mpaka Ruvu.

Kisha zikaja eropleni, kama wazee walivyoziita. Shirika la East African Airways lilianza mwaka 1946, likavunjika mwaka 1977, na mwaka huo huo nchi yetu ikaunda Air Tanzania. Wakati wa ndege za Dakota, zilizokwenda kama kilomita 280 kwa saa, njia ya Tanga mpaka Kigoma ingechukua karibu saa nne. Kutoka miezi saba hadi saa nne, na kutoka saa nne hadi chini ya saa mbili! Ni zawadi kubwa ya akili ambayo Mungu amewapa wanadamu, wala haifai kuidharau.

Hata hivyo, turudi nyumbani Lutindi. Simu imelia, na ng’ombe yuko zizini.

KWENDA MASHARIKI ILI UFIKE MAGHARIBI

Jambo la kwanza mdogo wako hakulijua: kutoka Tanga hakuna ndege iendayo Kigoma moja kwa moja. Kiwanja cha Tanga ni kidogo, na abiria wa Kigoma hubadilisha ndege Dar es Salaam. Kutoka Tanga mpaka Dar es Salaam kwa angani ni karibu kilomita 200. Kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma ni karibu kilomita 1,080. Jumla ni 1,280, si 1,040 tena.

Zaidi ya hayo, kutoka Korogwe kwenda Tanga ni kama kilomita 90 kuelekea baharini, yaani kumpa shangazi mgongo. Kwa hiyo watu wengi wa Korogwe huona heri kupanda basi moja kwa moja mpaka Dar es Salaam, kupitia Segera na Chalinze. Msomaji wa Handeni hutokea Mkata, akaingia njia hiyo hiyo.

Basi, andika kwenye karatasi yako:

Kushuka kutoka Lutindi mpaka Korogwe, saa 2, kama mvua haijaharibu barabara.

Kungoja basi, na safari mpaka Dar es Salaam, saa 7.

Kuvuka mji wenye foleni mpaka kiwanja cha ndege, saa 2.

Kukaguliwa na kungoja kiwanjani, saa 2.

Angani, saa 2, kama ndege haitui Tabora au mahali pengine njiani.

Kutoka kiwanja cha Kigoma, kutafuta gari, na kwenda Kasulu, kama kilomita 100, saa 3.

Jumlisha. Ni saa 18. Katika saa 18 hizo umekuwa angani saa 2 tu. Yaani sehemu moja katika tisa. Sehemu nane zote uko ardhini, katika vumbi, katika foleni, na katika kiti cha kungojea.

Wala hatujahesabu usiku. Simu ililia Jumatatu usiku. Jumanne alfajiri unashuka mlimani, alasiri au jioni uko Dar es Salaam. Ikiwa ndege ya siku hiyo imekwisha kuondoka, utalala. Jumatano utapanda ndege, kama ipo siku hiyo na kama nafasi ipo, na jioni utaingia Kasulu. Hivyo ile “kesho jioni” ya mdogo wako imekuwa keshokutwa jioni, tena kama mambo yote yamekwenda vema.

Na kwa basi je? Kutoka Korogwe, kupitia Chalinze, Morogoro, Dodoma na Tabora, ni zaidi ya kilomita 1,300 za barabara. Ukiondoka Jumanne, utafika Alhamisi, umechoka na miguu imevimba. Treni ya umeme, iliyoanza kwenda mpaka Dodoma mwaka 2024, yaweza kukupunguzia uchovu wa kipande cha kwanza, lakini kuanzia hapo utahitaji basi, au ile treni ya zamani.

Kwa hiyo ukweli ni huu. Ndege itakuokolea karibu siku moja. Mbele ya kitanda cha mgonjwa, siku moja ni kitu kikubwa mno. Pengine ndiyo siku ya neno la mwisho. Lakini ni siku moja, si muujiza. Anayeuza ng’ombe ajue ananunua nini.

MASWALI MATANO KABLA YA KUFUNGUA ZIZI

Kuna watu waliouza mali wakafika baada ya maziko, si kwa sababu ndege ilichelewa, bali kwa sababu walihesabu saa za angani peke yake. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Basi, kabla ya kutoa fedha, uliza haya.

La kwanza: ndege yaondoka siku gani? Njia nyingine haina ndege kila siku. Ukifika siku isiyo yake, utangoja mjini kwa gharama yako, na huenda aliyepanda basi akakupita.

La pili: inatua wapi njiani? Kila kituo huongeza muda, mara nyingi nusu saa au zaidi.

La tatu: mizigo kilo ngapi? Usifungashe gunia la mahindi na mkungu wa ndizi kama uendavyo kwa basi. Kilo za ziada hulipiwa, na wengine wameacha mzigo wao kiwanjani huku wakiutazama.

La nne: tiketi yaweza kubadilishwa siku? Tiketi ya bei nafuu mara nyingi haibadiliki, au hubadilishwa kwa malipo. Basi likikuharibikia njiani, fedha ya ng’ombe imekwenda na upepo.

La tano: jina kwenye tiketi ni lile lile la kitambulisho? Ukiitwa Yosefu kanisani na kitambulisho chasema jina jingine, andika la kitambulisho. Mlinzi wa mlangoni hajui cheti chako cha ubatizo.

Majibu hayo yote yaweza kupatikana kwa simu, kabla ya kushuka mlimani. Kijana wa nyumbani ajuaye kusoma na kuandika aweza kuyauliza yote asubuhi moja. Usimwachie mtu usiyemfahamu, aliyekukuta kituo cha basi, akununulie tiketi.

SASA UTASEMA NINI KATIKA KIKAO?

Mimi sitakuamulia. Kila nyumba yajua zizi lake. Ila nakuomba ufikiri mambo mawili.

Kwanza, si lazima waende wote. Watu watatu kwenda kwa ndege ni ng’ombe na mbuzi zake. Mmoja aweza kuwahi kwa ndege, yule ambaye mgonjwa anamwita kwa jina, na wengine wakafuata kwa basi wakiwa na mizigo. Hivyo shangazi atamwona mtoto wa kaka yake, na ada ya watoto haitaisha yote. Mama yako na mdogo wako wote wawili watakuwa wamesikilizwa.

Pili, na hili ndilo zito. Tuulizane kwa uaminifu: mara ya mwisho ulimwona shangazi huyo lini? Kama ni miaka kumi, basi shida yako haikuanza Jumatatu usiku. Ungalikwenda mwaka jana baada ya mavuno, kwa basi au kwa treni, polepole, na watoto wako wawili wakaonyeshwa kaburi la babu, ungalitumia sehemu ndogo tu ya fedha ya leo, na ungalikaa naye juma zima akiwa na nguvu za kucheka. Ndege ni ya kuwahi. Haiwezi kurudisha miaka ambayo hatukwenda.

Sisi Wakristo tunajua kwamba kumtembelea mgonjwa ni tendo la huruma ambalo Bwana wetu mwenyewe atatuuliza siku ya mwisho. Hakusema tuende kwa miguu wala kwa ndege. Alisema tu kama tulikwenda.

Kwa hiyo, jioni hii, kabla simu haijalia, fanyeni jambo moja dogo. Andikeni kwenye karatasi majina ya ndugu walio mbali: Kigoma, Mbeya, Songea, popote walipo. Mbele ya kila jina mwandike njia ya kwenda, muda wake tangu mlangoni kwenu mpaka mlangoni kwao, na nauli yake. Watoto wapige hesabu ya nyuzi na kilomita kama tulivyofanya hapa. Ni somo jema kuliko mengi. Kisha chagueni jina moja la mwaka huu, na muanze kuweka akiba, hata kidogo kidogo, katika kibubu. Akiba haiozi.

Na atakayepanda ndege kwa mara ya kwanza asiogope. Mwaka 1920 Baba Mtakatifu Benedikto wa 15 alimtangaza Mama Yetu wa Loreto kuwa msimamizi wa warukao angani. Fanya ishara ya msalaba, funga mkanda, na kama umepata kiti cha dirishani, tazama chini. Nchi ile ambayo Mapadre na wapagazi waliipita kwa miezi saba, na ambayo baba yako aliivuka akiwa na namba yake mfukoni, itapita chini ya miguu yako kwa muda usiotosha kuivisha maharagwe.

Ukifika Kasulu, mwambie shangazi kwamba kule Lutindi, kila jioni, jua huzama upande wa kwao.